Zuhura, kabla hawajakuwekea hiyo lenzi

Shoga yangu Zuhura,

Salama huko Tabora? Huku Kigoma tupo, vitenge vya harusi vimenijaa hadi mlangoni. Nimesoma ulivyoandika, kumbe mtoto wa jicho kakomaa na wanataka kukufanyia upasuaji, na huyo nesi kakwambia ukishawekewa lenzi ya plastiki ndani ya jicho miwani unatupa. Hapo kwenye kutupa miwani ndo nataka tuongee, maana we ni fundi kama mimi na macho yetu toka shule ni yaleyale, ubaoni huoni kitu lakini sindano unatunga chap.

Sisi wa mainasi jicho limerefuka kupita kiasi, mwanga unakutana mbele ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, badala ya kufika penyewe, ndo maana mbali ni ukungu. Ila karibu hatuna mpinzani. Wenzetu wakifika arobaini na kitu wanaanza kusogeza simu mbali ili wasome, sisi tunavua miwani tu basi. Sasa hiyo faida inaweza kuondoka pamoja na mtoto wa jicho, na wengi wanakuja kushtuka baadae.

Hii lenzi ya kawaida haibadiliki umbo, inakupa umbali mmoja tu. Wanapima urefu wa jicho kwa mashine halafu wanachagua namba ya lenzi, na hiyo namba ndo inaamua utaona wapi. Wakilenga mbali, ukija huku utaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa bila miwani, lakini tundu la sindano mpaka miwani ya kusomea. Mi nilipofanyiwa nikamwambia daktari niachie mainasi 3. Akaniangalia, akacheka, akasema inawezekana. Hesabu yake gawa 100 kwa namba yako, kwa 3 unapata kama sentimita 33, na mi nikiinama kwenye cherehani kitambaa kiko hapohapo. Barabarani navaa miwani, nishazoea toka utoto.

Halafu rangi sasa! Lenzi ya kuzaliwa inageuka njano kadri unavyozeeka na hujui. Nilipofanyiwa jicho la kwanza nilikuwa nafumba hili nafungua lile mbele ya kitenge kimoja, jicho jipya bluu inawaka, la zamani kama kimechovywa kwenye chai.

Plastiki isikutishe. Daktari Mwingereza, Harold Ridley, aliona marubani wa vita waliobaki na vipande vya plastiki ya kioo cha ndege machoni na jicho halikuvikataa, ndo akaweka lenzi ya kwanza London mwaka 1949. Ukungu ukirudi baadae usilie, mara nyingi ni kale kangozi kanakoishikilia lenzi kameingia ukungu, wanapiga leza unaenda nyumbani. Ila ukiona vimwanga vinamulika, au vidoadoa vingi vinaelea ghafla, au kama pazia linashuka, nenda hospitali siku hiyohiyo, retina ya jicho refu inabanduka kirahisi kuliko ya wengine.

Kwa hiyo muulize daktari anakulengea wapi. Akijibu utaona vizuri, mwambie vizuri wapi, na mtajie kazi yako, tena nenda na sindano na uzi umwonyeshe unavyoishika. Ukipewa tarehe nijulishe, nitapanda treni nije nikuwekee yale matone ya dawa ya macho, we peke yako utayamwagia shavuni. Na asali niwekee.

Wako,
Mwajuma