Viungo vya Muheza havirudishwi kwa sababu ya harufu

Ndugu Mhariri,

Kila mara tunasikia kwamba supamaketi zinawabagua wasindikaji wa Tanga, hasa wanaofungasha iliki, mdalasini na pilipili manga za Amani, wilayani Muheza. Ubora wa viungo hivyo hauna ubishi. Kinachorudisha katoni mlangoni mara nyingi ni karatasi, lebo na mtaji.

Karatasi zina mpangilio wake: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi TRA (mamlaka ya mapato), leseni halmashauri, kisha alama ya ubora TBS (shirika la viwango). Wapo wanaoulizia TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, hadi leo, ilhali usajili wa vyakula ulihamia TBS tangu 2019. Msindikaji mdogo aanzie SIDO, shirika la viwanda vidogo, achukue barua ya utambulisho. Wakaguzi wakija watataka chumba cha kusindikia kilichotengwa na jiko la nyumbani. Anayesagia sebuleni asiwasumbue.

Lebo ndiyo inayoangusha wengi. Uzito halisi, viambato, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo na anwani viwepo vyote, na tarehe isiandikwe kwa kalamu. Kuhusu bakodi, yaani ile mistari yenye namba inayosomwa na mashine ya keshia, namba zinazotolewa Tanzania huanza na 620, na kila ujazo hupewa namba yake. Ukibandika namba moja kwenye pakiti ya gramu 50 na ya gramu 100, mashine ya keshia itasoma bei moja, hesabu ya stoo itavurugika, na bidhaa yako ndiyo itakayoshushwa rafuni. Mistari usiichape kwa rangi nyekundu hata kama inapendezana na pilipili: mwanga wa skana nyingi ni mwekundu, hivyo mistari hiyo huonekana kama karatasi tupu. Chapa nyeusi juu ya nyeupe, acha nafasi wazi kushoto na kulia. Kwenye kichupa chembamba, mistari ilale kama vidato vya ngazi, la sivyo mviringo unaimeza.

Kwa hewa ya pwani, kiungo kilichosagwa kabla hakijakauka sawasawa hushikana mabonge na kuota ukungu. Nailoni nyepesi nayo huvujisha harufu.

Tuje kwenye fedha. Supamaketi nyingi huchukua mzigo kwa mali kauli, yaani unalipwa bidhaa ikishauzwa, au hulipa siku 30 hadi 60 baada ya ankara. Anayepeleka mzigo wa shilingi 400,000 kila wiki na kulipwa baada ya siku 45 atakuwa na zaidi ya milioni 2.5 mikononi mwa watu kabla hajaona senti, huku mkulima wa Amani akidai taslimu. Hati ya kupokelea mzigo igongwe muhuri palepale, na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) iambatane na ankara. Bila hivyo mhasibu ataiweka pembeni. Na kabla ya kutia saini, muulize meneja wa manunuzi mambo mawili: nani anabeba hasara ya pakiti zilizoisha muda, na siku za malipo zinahesabiwa tangu mzigo upokelewe au tangu uuzwe?

Wasindikaji wa viungo,
Tanga