Barua ya wazi kwa mnaokesha peke yenu katika nyumba za mbali

Wanangu,

Nawaandikia mnaouguza wagonjwa usiku katika nyumba zisizo na majirani, mnaolinda nyumba ambazo wenyewe wamesafiri, mnaobaki na watoto wa watu hadi wazazi warudi, na mliopewa lindo bila mwenza. Mkiondoka kwenda kazini mnaambiwa "muwe waangalifu". Neno zuri, ila halifungi mlango wala halipigi simu.

Kinachofanya upweke wa usiku uwe wa hatari si giza. Ni muda unaopita kati ya jambo kutokea na mtu mwingine kujua. Kifundo cha mguu kikiteguka ngazini wenzako wakiwa ndani, ni usumbufu wa nusu saa. Kikiteguka ukiwa peke yako, na simu umeiacha mezani, utalala sakafuni mpaka wa zamu ya asubuhi afike. Mengi nitakayoyasema yanafanya kazi mbili: kuufupisha muda huo, na kumchelewesha yeyote anayetaka kukufikia kwa ubaya.

Kwa hiyo kabla ya kufuli na tochi, tafuteni mtu wa kumtaarifu. Mkubaliane saa maalumu: ukifika, saa nne usiku, saa saba, saa kumi, na ukitoka. Meseji ya neno moja inatosha. Mpango huu huharibika kwa sababu mbili. Kwanza, anayepokea amelala. Basi awe mtu aliye macho kazini, au aweke kengele ya simu dakika 10 baada ya kila saa mliyopatana. Pili, hakuna aliyesema kimya kikitokea kifanyike nini, na mwenzako anabaki kusitasita, "labda amesinzia tu". Andikeni kabisa: dakika 10 za kimya, anapiga, hukupokea, anapiga tena baada ya dakika 5, kisha anampigia jirani wa karibu zaidi au mwajiri, ikifika nusu saa, anaita polisi, au watu wanakuja, na wasije mmoja mmoja. Ukisahau kutuma, ukaamsha watu bure, omba radhi na uendelee. Usiufute mpango kwa aibu.

Wekeni pia sentensi ya siri. Isiwe neno la ajabu, bali jambo unaloweza kulisema mtu akiwa amesimama mbele yako: "Yule fundi bomba ulishamlipa?" Anayeisikia ajue kwamba huwezi kuzungumza kwa uhuru na kwamba aite msaada bila kukuuliza maswali.

Kwenye karatasi, karibu na mahali unapokaa, andika jina la nyumba, barabara, kona ya kuingilia, rangi ya lango, umbali kutoka alama inayojulikana, na namba za ramani ambazo simu yako inakuonyesha. Hofu hufuta kumbukumbu. Mtu husahau hata jina la njia aliyopita jioni ile ile. Jueni namba ya dharura ya nchi mliyopo. 112 hupokelewa kwenye mitandao mingi ya simu za mkononi. Mahali ambapo mtandao ni hafifu, meseji mara nyingi hupenya wakati simu ya sauti inakatika. Zungukeni nyumba mtafute sehemu inayoshika vizuri, kwa kawaida karibu na dirisha la upande fulani, maana bati na kuta nene huzuia mawimbi. Na mtandao ukiwa dhaifu, simu huongeza nguvu ya kutafuta mnara na chaji huisha upesi, hivyo fikeni na chaji kamili pamoja na pawabenki iliyojaa. Simu ikae mwilini. Mfukoni, si kwenye kochi.

Fikeni kungali na mwanga. Nusu saa ya mchana ndani ya nyumba ngeni ina thamani kuliko saa tatu za kuchungulia usiku. Tafuteni swichi kuu ya umeme, valvu ya maji, mtungi wa gesi na njia mbili za kutokea. Fungueni kila mlango na kuufunga tena kwa mkono wenu. Kisha chagueni chumba cha kujifungia endapo mtu ataingia: chenye mlango wa mbao ngumu, komeo la ndani, dirisha linaloweza kufunguka, na mtandao unaoshika. Kama unamhudumia mgonjwa au mtoto, chumba hicho kiwe chake. Watu huchagua chumba kizuri upande wa pili wa nyumba, kisha saa ya shida inawabidi wavuke korido kumfuata asiyeweza kutembea.

Mlango mara nyingi hauvunjikii kwenye kitasa. Unavunjikia kwenye fremu, pale bati dogo linalopokea ulimi wa kitasa liliposhikwa na skrubu fupi za sentimita 2. Teke moja linapasua mbao. Mwombeni mwenye nyumba abadilishe skrubu hizo ziwe za milimita 75, zipite fremu zishike ukuta au nguzo iliyo nyuma. Ni kazi ya dakika 20 na bisibisi. Komeo la juu na la chini husaidia zaidi ya kitasa cha pili cha katikati. Mnyororo wa mlango msiuamini, kwani umeshikwa na skrubu zile zile fupi na ukishafungua mlango kidogo umempa mtu nafasi ya bega. Bawaba zikiwa upande wa nje, pini zake zinaweza kung'olewa, kwa hiyo ziwe za aina isiyotoka. Mlango wa kusukuma pembeni, wekeeni fimbo iliyokatwa sawasawa na urefu wa reli yake ya chini.

Ufunguo nao una fitina yake. Ukiuacha kwenye kitasa cha mlango wenye kioo, mtu anavunja kioo na kuuzungusha. Ukiuficha mbali, moto ukiwaka mnakufa mkiutafuta. Uningʼinie mahali pale pale kila usiku, zaidi ya mkono mmoja kutoka kwenye kioo, na chini kidogo, kwa sababu wakati wa moshi mtakuwa mnatambaa.

Juu ya taa, wengi hukosea. Chumba kikiwaka na nje ni giza, dirisha linageuka kioo kwako na jukwaa kwa aliye nje. Fungeni mapazia kabla ya kuwasha. Mkitaka kuona nje, zimeni taa ya ndani kwanza, na mkumbuke kwamba jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza kikamilifu. Ukiangalia simu kwa sekunde chache umeanza upya. Acheni taa moja ikiwaka kwenye chumba ambacho hamkai. Taa ya nje ielekee chini, isimpofue anayelinda. Zile zinazowaka zenyewe mtu akipita huhisi vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja, basi ifungwe pembeni ya njia, si mwisho wake.

Mtu akibisha hodi usiku, hakuna adabu inayokudai ufungue. Simama pembeni ya mlango, nyuma ya ukuta, uongee kwa sauti kavu. Sema "sisi", kamwe usiseme "mimi": "Sisi tumelala, unasemaje?" Akidai gari limeharibika au kuna majeruhi, mwambie unampigia simu mtu wa msaada, na umpigie kweli. Mwenye shida ya kweli atashukuru na kusubiri pale pale. Akijitaja kuwa askari au fundi, mpigie mwajiri au kituo kwa namba uliyokuja nayo, si ile anayokupa mlangoni. Umeme ukikatika kwenu tu na taa za mbali zinawaka, usitoke kwenda kwenye swichi ya nje. Hiyo ni njia ya zamani ya kumtoa mtu ndani. Pigeni simu, mkae na tochi, mngoje. Vivyo hivyo mtoto akilia nje, au bomba likaachwa wazi.

Na mkisikia mtu ameshaingia, msiende kuhakikisha. Kama mlango wa nyuma uko wazi kwenu na hamna wa kumbeba, tokeni mwende mbali. La sivyo, jifungieni, pigeni simu, semeni mlipo kabla ya kusema kilichotokea, na msikate laini hata mkishindwa kuongea. Panga na rungu wengi hupenda kuviweka chini ya kitanda. Mimi sivipendi: mkononi mwa mtu aliyeamshwa ghafla, silaha huweza kuishia mkononi mwa aliyeingia. Honi, filimbi au king'ora cha mkononi kinafaa zaidi, na milio mitatu mfululizo hueleweka karibu kila mahali kuwa wito wa msaada.

Kelele za nyumba yenyewe mzijue usiku wa kwanza. Bati hulia likipoa baada ya jua kuzama, mbao hufuata, friji hutetemeka ikizima. Bundi anaweza kupiga ukelele kama wa mtu. Mwulizeni mwenye nyumba, mtapunguza nusu ya hofu.

Sasa nije kwenye lile ambalo hamliulizi, kwa kuwa hofu yote mmeiweka kwa mwizi. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani kwa ajili ya joto, au jenereta iliyowashwa kwenye veranda ili mvua isiinyeshee, hutoa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo kidogo tu kikikusanyika, mwili unanyimwa hewa huku unapumua. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na mtu aliyekesha atadhani ni uchovu tu. Mwenye mwenzake angeambiwa, "Mbona huelewi ninachosema?" Wewe huna wa kukuambia. Kichwa kikianza kuuma na mgonjwa wako naye akalalamika vile vile, tokeni nje kwanza, wote, kisha mpige simu. Mkitoka na maumivu yakaanza kupungua, mmepata ushahidi, msirudi ndani. Jenereta ikae angalau mita 6 kutoka nyumbani, bomba la moshi likitazama mbali na madirisha. Jiko la mkaa lisilale ndani hata likionekana ni majivu, na kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Kitambuzi cha gesi hii, cha betri, kiwekwe chumba unachopumzikia.

Gesi ya kupikia ina tabia nyingine: ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujaa mabondeni. Mkinusa, msiwashe wala kuzima swichi yoyote, kwa maana hata kuzima hutoa cheche. Fungeni valvu ya mtungi, fungueni milango, tokeni, simu mpigie huko nje. Kiungo cha mpira na rigileta mkipime jioni kwa povu la sabuni; likifura, kinavuja.

Moto wenyewe nitaupitia kwa haraka. Moshi huua wengi kuliko miali, kwa hiyo inameni chini, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua, funga kila mlango unaouacha nyuma. Mtungi mdogo wa kuzimia moto, ule wa unga mkavu, humaliza ndani ya sekunde kumi na kitu: elekeza chini kwenye shina la moto, si juu ya miali, na simama mgongo ukiwa upande wa mlango. Ukiisha na moto haujafa, ondoka.

Kazi za ngazi, za paa na za nyaya ziachwe mpaka asubuhi. Hakuna bomba linalovuja la kufa nalo, valvu ipo.

Usingizi hauji sawasawa usiku kucha. Mwili hushuka zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, ndipo dawa hutolewa mara mbili na jiko husahauliwa. Kazi inayotaka akili imalizwe kabla ya hapo. Nusu ya kahawa ya saa saba usiku bado imo mwilini saa kumi na mbili asubuhi, basi baada ya saa nane achaneni nayo, la sivyo mtalala vibaya mchana na kuingia zamu inayofuata mkiwa na deni. Kusinzia kunakoruhusiwa kusizidi dakika 20. Ukizama zaidi ya hapo, ukiamshwa akili itachelewa robo saa au zaidi kurudi, na hapo huwezi kuamua jambo la mlango wala la dawa.

Mambo haya mwajiri anapaswa kuyagharimia, si ninyi. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unasema katika ibara ya 13 kwamba mfanyakazi huyo ana haki ya mazingira salama na yenye afya. Ibara ya 9 inampa haki ya kukaa na pasipoti na vitambulisho vyake. Unazifunga nchi zilizouridhia, lakini hata pasipokuwa na sheria, hati zenu zikae kwenye mfuko mdogo unaobebeka mkitoka mbio.

Asubuhi ndipo wengi hulegea. Kukaa macho saa 17 mfululizo hupunguza wepesi wa mwili na akili karibu sawa na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, na ninyi mnashika usukani au pikipiki baada ya muda mrefu kuliko huo. Lala dakika 20 kabla ya kuondoka, au panda gari la abiria. Na ile meseji ya mwisho usiitume unapofunga lango. Itume ukishafika kitandani kwako.