Maneno 96 kwa Wiki 8: Je, Tumekupunja?

Ujumbe uliingia saa tano usiku, wote kwa herufi kubwa. Mwanafunzi wetu wa Kiingereza alikuwa amezitandaza kadi zake za maneno mezani, akazihesabu, akakuta 96. Ada ya wiki 8 imelipwa yote, halafu maneno 96. Akapiga hesabu kila neno limemgharimu kiasi gani, akaniandikia kwamba nimempunja, tena kuna mtu mtandaoni anauza orodha ya maneno 3,000 kwa chini ya ada ya kipindi kimoja.

Si wa kwanza. Kila awamu haikosi mmoja, na mara nyingi ni mwenye bidii, maana mvivu hahesabu kadi. Basi najibu hapa mara moja, wa awamu ijayo wakute jibu linawasubiri.

Chukua kadi moja kati ya hizo 96, imeandikwa "get". Igeuze. Nyuma hakuna tafsiri. Kuna sentensi sita, zote kaziandika mwenye kadi, zote za maisha yake: "I get up at five." "I got a call from my boss." "I'm getting tired." "Did you get the joke?" "We get along." "I can't get over it." Hapo pana kuamka, kupigiwa simu, kuchoka, kuelewa utani, kupatana na watu, na kushindwa kusahau jambo lililokuuma. Orodha ya kununua ingeandika "get" ni pata, ikahesabu moja, ikapita zake. Aliyekariri pata, siku akichoka hataliona neno lake ndani ya "get" hata likae mbele ya pua.

Wala tusijifanye hatulijui jambo hili. Sisi tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga hodi na kupiga kura. Mgeni akiambiwa piga ni "hit", picha ataichapa makofi. Kiingereza nacho kina yake: simu ni "make", picha ni "take", mswaki ni "brush", mlango ni "knock". Maneno hayo hayatembei peke yake, na ukimjua mmoja bila mwenzake bado hujui la kusema.

Kuna aliyejaribu kuupunguza mzigo huu. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chake cha msingi chenye maneno 850, na vitenzi humo vilikuwa 18 tu: "come", "get", "give", "go", "keep", "put", "take" na wenzao. Aliweza kwa sababu kitenzi kidogo kikishikana na "up", "off" au "out" kinazaa kitu kingine kabisa. Darasani kwetu tunaviita vitenzi vyenye mkia. Kuahirisha ni "put off". Kuzima moto ni "put out". Kuvumilia ni "put up with". Namheshimu Ogden, ila hesabu yake ina ujanja: vyote hivyo kwake ni "put" moja, na wewe bado inakupasa uvijue kimoja kimoja. Ukitaka kuhesabu kwa mtindo wa yule muuza orodha, kadi zako 96 zina vitu zaidi ya 400.

Sasa, hiyo njia ya mkato. Alikuja bwana mmoja na daftari nene, maneno yamepangwa kwa alfabeti, amefika herufi C. "Abscond" analo. "Cantankerous" analo. Nikamuuliza, "What do you do?" Akatazama kushoto na kulia, akajibu, "I am sitting." Nilikuwa namuuliza kazi yake. Swali lina maneno manne, naye aliyajua yote tangu shule ya msingi. Tulikaa naye mwezi mzima wa ziada, si kuongeza bali kufumua, na fundi cherehani yeyote atakwambia kufumua kunachosha kuliko kushona upya. Ndiyo maana mwenye daftari kama lile hulipa vipindi vingi kuliko anayeanza mikono mitupu. Wengine wanadhani nawakomoa. Ningependa sana waje mapema.

Mwingine alitamka "sorry" kwa bosi wake mgeni aliyejikwaa ngazini. Bosi akamjibu, "It's not your fault." Akaja darasani amenuna: mimi namwonea huruma, yeye ananisamehe! Orodha yake ilikuwa imeandika pole ni "sorry". Aliyejikwaa anaulizwa, "Are you all right?" Maneno manne, kadi moja, na tangu siku ile sijamsikia akikosea.

Ada inakwenda wapi basi? Sehemu kubwa inakwenda kwenye kurudia. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe na mwaka 1885 akachapisha matokeo: usahaulifu unakula zaidi saa za mwanzo, kisha unapunguza kasi. Kwa hiyo kadi yako inarudi kesho, inarudi siku ya 3, ya 7, ya 16, na ukikwama inaanza upya. Haihesabiwi mpaka itoke mdomoni bila kutazama, ndani ya sekunde tatu, kwa siku mbili tofauti. Rekodi zako za sauti nazisikiliza mwenyewe, kila moja mara mbili, mara ya kwanza maana, mara ya pili kusikia ulipositasita. Kazi hiyo hakuna anayeiona, ndiyo maana hakuna anayeihesabu.

Na kadi ya kwanza kabisa ya kila mwanafunzi haina neno gumu lolote. Ni "nanihii" yetu: "What do you call that thing you use to...?" Pamoja na "I mean" na "you know", ambazo ni yaani na si unajua. Asiye nazo akikosa neno moja ananyamaza, na mazungumzo yanafia hapo.

Yule wa herufi kubwa sikubishana naye. Nilimtumia rekodi zake mbili. Ya wiki ya kwanza ni ya dakika moja, karibu nusu yake "eeeh". Ya wiki ya nane ni ya dakika sita, anasimulia maji yalivyofurika nyumbani kwake. Katikati anakosa neno "pipe", ambalo halimo kwenye kadi zake, na wala hasimami: "The thing, you know, that brings the water, it got broken, what do you call it, anyway, I had to put up with it till Monday."

Nikamwambia pia kwamba orodha ya maneno 3,000 ninayo, nitampa bure akiitaka.

Alikaa kimya siku mbili. Kisha akauliza kama "put up with" ni kadi moja au tatu.