Hati safi haijanilipa nyumba ya mama

Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu ya wiki iliyopita, ile yenye picha ya viongozi wakipigiana makofi kwa sababu halmashauri imepata hati safi. Miaka minne nimenyamaza. Leo nimeshindwa.

Wasomaji wenzangu waelewe hati safi ni nini. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, akiitoa, anasema hesabu zimeandaliwa inavyotakiwa na zinaonyesha hali halisi. Hasemi kwamba kila shilingi imetumika kwa jambo la maana, wala kwamba halmashauri haina deni. Deni likiandikwa vizuri vitabuni, hati inaweza kuwa safi na anayedai akaendelea kudai. Mimi ni mmoja wao.

Naishi Ngamiani, lakini nyumba ninayoisemea aliiacha marehemu mama katika mji mdogo mmoja wa mkoa huu. Halmashauri yake siitaji, wenyewe wanajijua. Walikuja asubuhi vijana watatu na kopo la rangi nyekundu, wakasema barabara inapanuliwa. Wakachora X juu ya dirisha la chumba alichokuwa akilala mama, rangi ikachuruzika mpaka barazani. Baadaye akaja mthamini, akapima vyumba, akahesabu minazi sita na mwembe mmoja, akanisimamisha mlangoni nimeshika karatasi yenye namba kifuani, nikapigwa picha kama mahabusu. Nikasaini. Nikaambiwa nisijenge, nisiezeke upya, nisipande mazao ya kudumu. Nikatii yote. Mabati yameoza, upande wa jikoni uliporomoka masika ya mwaka juzi, mpangaji akahama, na kila nikienda ofisini naambiwa, "Mama, fedha haijatoka." Safari ya mwisho kijana mmoja, rika la mwanangu kitindamimba, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu kwamba uthamini wangu umeshapitwa na wakati. Nani aliyeuchelewesha? Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi 6 baada ya Mthamini Mkuu kuidhinisha, na ikipita hapo iwe na riba. Uthamini wenyewe hudumu miaka 2, ndipo urudiwe. Muda huo uliwekwa ili mwenye mali asije akalipwa kwa bei iliyochakaa. Mimi nimejibiwa nao kana kwamba haki yangu imeoza pamoja na mabati! Na Katiba, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake pasipo sheria inayompa fidia inayostahili. Nyumba usiyoruhusiwa kuiziba hata inapovuja umeshanyang'anywa, hata kama ufunguo bado unao mfukoni. Katika miaka hiyohiyo minne nimeona kwa macho yangu ukumbi wao ukipakwa rangi na kuwekwa viti vipya. Hiyo fedha ilitoka.

Halafu kuna kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Nimeacha taa moja ya nje ili wezi wasimalize madirisha, basi kila nikinunua umeme nakatwa kodi ya nyumba iliyochorwa ibomolewe. Nikipitisha miezi bila kununua, deni linajikusanya lenyewe na siku ya kununua linakatwa lote. Deni langu kwa serikali halisubiri fedha itoke. Jambo hili nalo linahitaji waraka: nyumba yenye X iondolewe kwenye kodi hiyo mpaka mwenyewe alipwe.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Kwenye ubao wa matangazo wa kila halmashauri ibandikwe orodha ya fidia ambazo hazijalipwa: namba ya mdai, tarehe ya uthamini, kiasi, riba iliyofikia. Majina si lazima. Baraza la Madiwani linapokaa kila robo mwaka, orodha hiyo isomwe kwa sauti kabla ya ajenda nyingine yoyote, wananchi wakiwa ukumbini, na mradi mpya unaogusa nyumba ya mtu usipitishwe mpaka wadai wa mradi uliotangulia wamalizwe. Wenyeviti wa vitongoji nao waisome kwenye mikutano yao, maana wao ndio walioletwa kutuambia tutulie, tutalipwa.

Karatasi niliyoshikishwa kifuani ninayo bado, nimeitia kwenye bahasha pamoja na hati ya mama. Siku orodha hiyo ikibandikwa nitapanda basi na karatasi yangu, nikaitafute namba hiyo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Ngamiani, Tanga