Rangi za treni zijaribiwe kwanza kwenye vumbi letu

Mhariri,

Ikiwa siku moja Arusha, iliyorejeshewa treni ya abiria mwaka 2020, itajengewa reli nyepesi ya mjini (ya treni ndogo za abiria), rangi zake zisichaguliwe ofisini. Boston, Marekani, ilipozipa njia zake za treni majina ya rangi mwaka 1965, treni nyepesi zilipewa kijani kwa sababu ya bustani zilizo jirani na njia hiyo. Nasi wa daladala tumezoea kuitambua njia kwa mstari wa ubavuni. Naomba rangi za majaribio zipakwe behewa moja, litembezwe kiangazi kizima, maana nyeupe (muulize mvaa kanzu) haivumilii vumbi letu, na uso wa treni uwe wa njano, kama Uingereza ilivyoanza kufanya miaka ya 1960, ili mvuka reli auone mapema.

Msomaji wako, Moshi