Laptopu ya mtumba kwa kazi za ofisi: kioo na diski kwanza, i7 baadaye

Mteja akiingia dukani, kabla hata hajavuta kiti, swali huwa ni lilelile: "Hii ni i5 au i7?" Akiambiwa i7 uso unachangamka, na mashine yenyewe bado haijawashwa. Sisi tunauza na kutengeneza laptopu za mtumba hapa Dodoma mjini, na zinazoletwa kwa manung'uniko ni nadra sana kuwa na tatizo la prosesa, yaani hiyo i5 au i7. Mwenye nayo analalamika kwamba macho yanamuuma ikifika saa nane mchana, au kwamba akiibonyeza iwake anaweza kwenda kununua vocha na kurudi ikiwa bado inajifikiria. La kwanza ni kioo, la pili ni diski.

Laptopu tunazopendekeza ni zile zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi tangu mwanzo: ThinkPad za mfululizo wa T, Dell Latitude, HP EliteBook. Kampuni za Ulaya na Marekani huzichukua kwa mkupuo, huzitumia miaka mitatu minne, kisha huziondoa zote pamoja. Ndiyo maana utazikuta ThinkPad T480 zimepangwa juu ya meza, zote nyeusi, zote sura moja. Lakini T480 ilitoka kiwandani na vioo vya aina tofauti: kuna cha pikseli (nukta za picha) 1366 kwa 768, kuna cha 1920 kwa 1080, na kuna cha 2560 kwa 1440. Juu ya mfuniko hakuna alama inayokuambia umeshika ipi, na wapo wauzaji wanaozipanga zote kwa bei moja. Ukijua pa kutazama, hapo ndipo unapopata faida.

Kioo

Hesabu yake ni rahisi. Kioo cha 1366 kwa 768 kina pikseli milioni moja na kidogo. Cha 1920 kwa 1080 kina zaidi ya milioni mbili. Mzabuni anayejaza zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, huku BOQ (jedwali la kazi na bei) iko wazi upande wa pili ataielewa tofauti hiyo siku ya kwanza: kwenye kioo kidogo kila dirisha linabanwa, anabaki kusogeza kushoto na kulia mpaka anapoteza mstari. Kwa kazi ya ofisi hatumshauri mtu yeyote achukue chini ya 1920 kwa 1080, hata kama bajeti imebana. Afadhali upunguze prosesa. Kuhakikisha ni kazi ya sekunde chache: bofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye uso wa Windows, ingia kwenye mipangilio ya kioo, namba utaiona.

Namba hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kuna aina mbili za paneli, TN na IPS. Fungua picha yenye sura za watu, kaa sawasawa mbele ya laptopu, kisha usukume mfuniko nyuma polepole. Kioo cha TN kitaanza kugiza, na mwishowe rangi zitageuka, watu waonekane kama negativu za zamani. Uvute mbele, kila kitu kitapauka. Cha IPS hakibadiliki hivyo. Hata mwenzako aliyesimama ubavuni anaona unachokiona wewe. Usikubali kufanyiwa jaribio hili kwa picha ya mandhari ya Windows yenye rangi nzito, maana pale hata TN inapendeza.

Halafu mwanga. Vioo vingi vya laptopu za ofisi za miaka ile ni vya niti 220 hadi 300. Ndani ya ofisi kule Mji wa Serikali Mtumba, pazia likiwa limeshushwa, hapana neno. Lakini tuna wateja wapima ardhi wanaoshinda viwanjani, na wengine ofisi yao ni baraza ya nyumba Nkuhungu. Jua la Dodoma mnalijua. Mtu wa namna hiyo atafute kioo cha niti 400, na kiwe kile kisichong'aa. Vioo vya kugusa vingi vinang'aa, na nje mchana utajiona wewe mwenyewe kuliko unavyoliona faili lako. Nasi hatuna shida ukibeba laptopu yetu mpaka mlangoni, ukaipandisha mwanga mpaka mwisho na kuitazama kwenye jua. Muuzaji akikuzuia kufanya hivyo, mshukuru uondoke.

Kuna HP EliteBook zenye kioo cha faragha kinachoitwa Sure View. Kilibuniwa ili jirani yako kwenye ndege asisome barua zako. Ukikiwasha, anayetazama kutoka pembeni haoni kitu. Watu wanakipenda kikielezwa, lakini kwa maoni yetu hakimfai mtu wa kawaida: hata ukikizima, rangi zake hazitulii kama za IPS ya kawaida. Kama hushughulikii mafaili ya siri, acha.

Mwisho wa kioo ni uzima wake. Jaza ukurasa mweupe kioo kizima, utaona madoa, hasa katikati ambako mfuniko hukandamizwa na vitu ndani ya begi. Jaza mweusi, utaona mwanga unaovuja kwenye kona. Kisha fungua na ufunge mfuniko mara kadhaa huku ukitazama: kikipepesa katika pembe fulani, kebo inayopita kwenye bawaba imechoka. Na pitisha kucha kwenye ukingo wa fremu ya plastiki. Ikiwa imekwaruzwa kwenye kona, ujue ilishafunguliwa, na huenda kioo kilichokuja nacho siyo hicho. Si lazima liwe jambo baya. Sisi wenyewe T480 zenye kioo hafifu huzivalisha paneli ya IPS ya 1920. Ila mteja anaambiwa.

Diski

Hapa hatuna mjadala mrefu: SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya zamani ya kuzunguka husoma takriban MB 100 kwa sekunde ikiwa na bahati. SSD ya muunganisho wa SATA hufika 550, na za NVMe, muunganisho wa kasi zaidi, za kizazi cha tatu hufika 3,500. Kutoka ya kuzunguka kwenda SSD yoyote, kila mtu anaihisi. Kutoka SATA kwenda NVMe, anayeandika barua na kufungua Excel hatajua kama kuna kilichobadilika, kwa hiyo usilipe ziada kubwa kwa ajili ya neno NVMe. Tena ile ya kuzunguka haipendi misukosuko. Laptopu iliyosinzia bila kuzimwa, imetiwa kwenye begi na kupandishwa bodaboda kutoka Kisasa mpaka mjini, ni suala la muda tu.

Sasa tuseme ni SSD. Imebakiza uhai kiasi gani? Kuna programu ya bure inaitwa CrystalDiskInfo. Mwambie muuzaji aifungue mbele yako. Tazama mambo matatu: afya kwa asilimia, saa ambazo diski imekaa ikiwaka, na kiasi cha data kilichowahi kuandikwa juu yake. Chukua laptopu iliyofanya kazi saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka: ni saa 2,000 kila mwaka. Kwa hiyo mashine ya 2019 ikionyesha saa 7,000 hadi 9,000 inasema kweli. Ikionyesha saa 15, diski hiyo ni ngeni humo ndani. Uliza ni ya kampuni gani, maana wengine hutoa diski nzuri iliyokuja nayo na kuweka ya bei chee isiyojulikana.

Kiasi kilichoandikwa kisikutishe haraka. Samsung 970 EVO ya GB 250, kwa mfano, ina dhamana ya kiwanda ya kuandikwa TB 150. Mtu wa ofisi anayeandika GB 15 kwa siku hafikishi TB 4 kwa mwaka. Diski yenye afya ya asilimia 90 na TB 20 juu yake tunaiuza bila wasiwasi. Chini ya asilimia 80 tunaibadilisha kabla haijafika mezani.

Ukubwa: GB 256 zinamtosha mtu wa nyaraka, GB 512 kwa mwenye picha, ramani na michoro. Na tafadhali, GB 256 ndani ya Windows husomeka kama 238. Hatujakuibia 18. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na hata 1TB mpya kabisa kwenye boksi itasomeka 931.

Kaa mbali na zile laptopu ndogo zilizotoka mashuleni zenye hifadhi ya eMMC ya GB 64. Bei inavutia, wanafunzi wa UDOM wanatuuliza kila mwanzo wa muhula, lakini Windows na masasisho yake itachukua sehemu kubwa na kuibadilisha haiwezekani, imechomelewa kwenye ubao. MacBook Air za kuanzia 2018 nazo zimechomelewa, kwa hiyo huko ukubwa unaochagua leo ndio utakaokaa nao.

Tumesema i7 ije baadaye, lakini kizazi cha prosesa kitazame. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi. i5-8350U (kizazi cha nane) inapita, i7-7600U (cha saba), ingawa ni i7, haipiti. Pia hakikisha laptopu imeunganishwa na intaneti wakati Windows inasakinishwa upya. Iliyosajiliwa na kampuni ya awali itakuletea ukurasa unaodai barua pepe ya kazini kwao, na hapo umenunua mali ya mtu.

Walioko Kondoa, Mpwapwa au Manyoni wanaoagiza kwa WhatsApp: kabla ya kutuma pesa, iwe kwetu au kwa mwingine, omba video moja isiyokatwa. Ionyeshe namba ya mashine chini, kisha mipangilio ya kioo, mfuniko ukisukumwa nyuma na mbele, na ukurasa wa CrystalDiskInfo. Kwetu utaipata bila kubembeleza, pamoja na risiti ya EFD na dhamana ya miezi mitatu kwa kioo na diski. Ukituandikia, anza na kazi unayoifanya na mahali unapokaa kuifanya, halafu bajeti.