Ami, mjukuu wako asikae mbele

Ami, shikamoo. Nakuandikia hapa hadharani sababu kwenye simu kila nikianza tu unanambia soma mwanangu, mie nimeshika usukani kabla babaako hajaoa. Najua husemi kwa ubaya, ila leo nisikilize mpaka mwisho, na wenye gari wengine nao wasome.

Sikukuu ilopita ulikuja kunipokea bandarini Mkoani, Pemba, ukanipa mtoto nimpakate kiti cha mbele, wewe mkanda umeupitisha nyuma ya mgongo ukauchomeka ili ile kengele inyamaze. Basi mpaka Chake, milima ile na kona zile, mkono mmoja nimemkumbata tumboni mwengine nimeshika mlango, na sikusema kitu kwa heshima yako. Mpaka leo inaniuma.

Niliporudi Unguja chuoni, timu yetu watu watano tulikuwa tunatafuta mradi wa mwaka wa mwisho, nikawambia tutengeneze kiti cha mtoto cha gari. Tukajenga mteremko wa mbao, juu yake mita moja na nusu na kidogo, kitoroli kikiachiwa kinafika chini na mwendo wa kilomita 20 kwa saa, yaani baskeli tu, kisha kinagonga ukuta wa magunia. Mtoto wetu ni mfuko wa mchanga wa kilo 15, tukauvisha gauni. Mara ya kwanza tukaufunga kwa kamba inayohimili kilo 60, tukasema hii ndo mikono ya mtu mwenye nguvu zake. Kamba ilikatika hata hatukuisikia, mfuko ukaruka ukapasuka ukutani, na pale hakuna aliyecheka. Tukapiga hesabu: toroli likisimama ndani ya sentimita 10, zile kilo 15 zinavuta kama kilo 200 na zaidi. Ukienda 50, hata gari ikibonyea mbele nusu mita nzima, mtoto yule anakuwa mzito kama kilo 300. Ami, kilo 300 siziwezi mie, huziwezi wewe, na hamali wa bandarini haziwezi. Na gari ikiwa na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumka mbele gari ikigonga, ndo balaa zaidi, sababu inafumka kwa kama sekunde 0.03, kabla hujapepesa jicho, na mtoto uliyempakata ndo yuko baina yako na hiyo eabegi.

Kiti chenyewe tulikijaza usumba wa nazi, si upo tele na bei rahisi, na tulikuwa na imani nao sana. Kumbe usumba unadunda! Kwenye video ya polepole ya simu kichwa kinazama kisha kinarudishwa nyuma kwa nguvu. Wiki mbili tumezunguka na jambo hilo tu mpaka mmoja wetu akaleta lile povu jeupe gumu linalokuja na friji, lile likibonyea limebonyea, halirudi, na ndo tunalolitaka, lile pigo liishie pale pale. Mkanda nao hivo hivo, unakupa nafasi ya kusimama kidogo kidogo na unashika penye mifupa, bega, kifua na nyonga. Huu wa kisasa wa kushika pahala patatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, kabla yake alikuwa akitengeneza viti vya kurushia marubani nje ya ndege, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bure. Miaka yote hiyo ami, sie bado tunaufunga tukiona trafiki na tukimpita tunaufungua.

Kiti chetu bado ni cha majaribio, simtii mtoto wa mtu mle. Lakini nimenunua kipya dukani, kina ile stika ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara, inayoonesha kimepimwa, na Ijumaa ya wiki ijayo nakuja nacho na boti. Kinafungwa nyuma, si mbele. Ninachokuomba kabla sijafika uvue yale makava ya viti, maana pale pa kuchomekea mikanda ya nyuma pamefukiwa chini yake tangu ulipoinunua gari, nilipapapasa siku ile nikaona. Na mpaka nifike, mjukuu wako akae nyuma na bibi yake, kila mmoja na mkanda wake, hata kama analia anataka kuona mbele.